Barabara ya London mpaka Brighton, na Springi za Motakaa za Kale

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Novemba ni siku ya ajabu katika mji wa London. Mwezi huo nchini Uingereza ni mwezi wa baridi na ukungu, na mara nyingi mvua huwa imenyesha usiku kucha. Hata hivyo, kabla jua halijachomoza, watu huwa wamekwisha kukusanyika katika bustani kubwa iitwayo Hyde Park, wamevaa makoti mazito na kofia za kufunika masikio. Wanachokingojea ni msafara wa mamia ya motakaa kongwe, ambazo bado zaweza kwenda kwa nguvu zao wenyewe. Sharti kuu la kuingia katika msafara huo ni kwamba gari liwe limetengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1905.

Jua lichomozapo, magari ya kwanza huondoka kuelekea kusini, yakitoa moshi na mvuke, hata mji wa Brighton ulioko pwani. Umbali wake ni kama maili 60, yaani kilometa 96. Safari hii si mashindano ya mbio, wala hakuna tuzo kwa aliyewatangulia wenzake. Sifa yote ni kufika. Afikaye kabla ya saa kumi na nusu alasiri hupewa nishani, na huirudisha nyumbani kwa furaha kama mtu aliyeshinda vita.

Mwenye motakaa mpya huipita njia hiyo bila kufikiri hata mara moja juu ya vyuma vilivyo chini ya kiti chake. Mwenye motakaa ya mwaka 1900 husafiri namna nyingine kabisa. Yeye hutega sikio wakati wote, maana ajua kwamba kati ya mwili wake na mawe ya barabara hapana kitu ila magurudumu, springi nne au chini yake, na bolti chache. Springi ikivunjika mahali pabaya, ekseli huhama, usukani hukataa amri, na safari ya furaha yaweza kugeuka kuwa msiba. Kwa hiyo barabara ya Brighton ni kama shule: kila kipande chake hutoa somo lake juu ya maradhi ya springi, jinsi yanavyojulikana, na jinsi yanavyotibiwa.

MWANZO WA SAFARI HII

Chanzo cha msafara huu ni sheria. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kuzuia mwendo wa magari yaendayo barabarani bila kukokotwa na wanyama. Gari kama hilo halikuruhusiwa kwenda zaidi ya maili 4 kwa saa mashambani, na maili 2 kwa saa mjini, na ilikuwa lazima mtu atangulie mbele kwa miguu akichukua bendera nyekundu. Amri ya bendera iliondolewa mwaka 1878, lakini mtu wa kutangulia alibaki, na mwendo ulibaki ule ule wa kobe.

Mwaka 1896 sheria ilibadilishwa. Magari mepesi yaliruhusiwa kufika maili 14 kwa saa, ingawa serikali iliupunguza mwendo huo kwa kanuni zake hata maili 12. Siku sheria mpya ilipoanza kutumika, tarehe 14 Novemba 1896, wenye motakaa waliamua kusafiri pamoja kutoka London mpaka Brighton kwa kushangilia. Mwenye kuitengeneza safari hiyo alikuwa Harry Lawson. Asubuhi ile, wakati wa kifungua kinywa, Earl wa Winchilsea aliipasua bendera nyekundu mbele ya watu wote. Yasemekana kuwa magari kama 33 yaliondoka London, na 17 tu ndiyo yaliyofika. Tena watu walinong'ona kwamba moja kati ya hayo lilipelekwa kwa gari la moshi, kisha likapakwa matope karibu na Brighton ili lionekane limetoka safari ndefu.

Safari hiyo ilianzishwa tena mwaka 1927 kwa ukumbusho, na tangu mwaka 1930 imesimamiwa na Royal Automobile Club. Imefanywa karibu kila mwaka, isipokuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947 petroli ilipokuwa haba, na mwaka 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona.

HYDE PARK: UCHUNGUZI KABLA YA KUONDOKA

Magari ya kwanza yalirithi springi zake kutoka kwa magari ya farasi. Mnamo mwaka 1804 fundi mmoja wa London, Obadiah Elliott, alipata hati ya haki ya kutengeneza magari ya farasi yenye springi zilizopinda kama umbo la yai. Springi ya namna hii hufanyizwa kwa mabapa ya chuma cha pua yaliyopangwa moja juu ya jingine. Bapa kuu ndilo refu kuliko yote, nalo lina tundu katika kila ncha ili lifungwe kwa pini. Mabapa mengine hufuata, kila moja fupi kuliko lililolitangulia. Yote hushikwa pamoja na bolti moja ipitayo katikati, ambayo mafundi huiita senta bolti, na hufungwa juu ya ekseli kwa bolti zilizopindwa mfano wa herufi U.

Gurudumu likipanda jiwe, mabapa hupinda na kusuguana. Kule kupinda huumeza ule mshtuko. Kule kusuguana hulizuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya jiwe kupita. Mtu akishika mambo haya mawili, yaani kupinda na kusuguana, atakuwa ameshika ufunguo wa karibu maradhi yote ya springi.

Kabla ya kuondoka, mwenye gari mwangalifu hufanya kazi nne. Kwanza hutazama mipira. Baadhi ya magari ya kale yana mipira mitupu isiyo na pepo ndani, lakini mengi yana mipira ya pepo, ambayo ilianza kujulikana baada ya John Boyd Dunlop kuitengeneza huko Belfast mwaka 1888. Mpira mmoja ukiwa na pepo pungufu, gari huinama upande mmoja na kuvuta usukani, na mtu asiyejua huilaumu springi isiyo na hatia. Kwa hiyo mipira huchunguzwa kwanza, maana dawa yake ni rahisi.

Pili, hulisimamisha gari mahali palipo sawa, akapima kwa kamba au rula kutoka katikati ya gurudumu hata kwenye chesisi, upande wa kulia na upande wa kushoto. Vipimo vikitofautiana sana, springi moja imelala. Katika Uingereza, kama katika Kenya, magari hupita kushoto. Barabara nyingi za zamani ziliinuliwa katikati na kuinamishwa pembeni ili maji yatiririke, na kwa sababu hiyo springi ya kushoto ilibeba mzigo zaidi kwa miaka mingi, ikachoka mbele ya mwenzake.

Tatu, hupima umbali kutoka ekseli ya mbele hata ekseli ya nyuma, kila upande. Vipimo hivi havina budi kulingana. Visipolingana, ekseli moja imehama mahali pake.

Nne, huchukua taa na kitambaa, akapangusa kila bapa na kulitazama kwa makini. Ufa katika chuma hujionyesha kama mstari mwembamba, na mara nyingi kutu nyekundu hutoka ndani yake kama damu kavu. Mahali pa kutazama zaidi ni karibu na tundu la bapa kuu, na karibu na bolti za U, kwa sababu hapo ndipo chuma kinapopata taabu kuliko mahali pengine.

BRIXTON HATA CROYDON: SAUTI ZA CHINI

Baada ya kuuvuka mto Thames, msafara hupita Brixton, ukapanda kilima chake polepole, kisha ukaendelea kupitia Streatham mpaka Croydon. Huu ni upande wa nyumba na maduka. Watu husimama kando ya njia wakipunga mikono, na watoto hupanda juu ya kuta ili waone. Motakaa husimama na kuondoka mara nyingi kwa sababu ya taa za barabarani. Katika kusimama na kuondoka huku, sauti za chini husikika vizuri.

Sauti ya kwanza ni mlio kama wa mlango mkavu. Hii ni dalili kwamba mabapa yamekauka na kutu imeingia kati yake. Wengi huidharau, wakidhani ni kelele tu. Lakini springi iliyoshikwa na kutu haitelezi. Mabapa yake hufanya kazi kama kipande kimoja kinene, na kila mshtuko huingia moja kwa moja katika chesisi na katika mgongo wa dereva. Zaidi ya hayo, kutu hula chuma na kufanya vijishimo, na katika vijishimo hivyo nyufa huzaliwa. Dawa yake ni kuliinua gari kwa jeki chini ya chesisi ili springi ilegee, kuyatenganisha mabapa kidogo kwa patasi butu, na kutia kati yake grisi iliyochanganywa na unga wa grafiti. Mafundi wa zamani walizifunika springi kwa mifuko ya ngozi iliyoshonwa ili grisi isitoke na matope yasiingie. Hata hivyo, kupaka kupita kiasi pia ni kosa. Springi isiyosuguana hata kidogo hurusha gari juu na chini kama mtumbwi katika mawimbi.

Sauti ya pili ni kugonga, "ko, ko, ko", kila gurudumu linapopita juu ya shimo dogo. Hii aghalabu hutoka kwenye pini na bushi za ncha za springi. Springi inapopinda hurefuka kidogo, na kwa hiyo ncha yake moja hufungwa kwa kiungo kinachoning'inia, ambacho mafundi hukiita shakeli, ili ipate nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Pini za kiungo hiki zisipotiwa grisi hulika upande mmoja, na bushi hupanuka. Namna ya kuhakikisha ni kutia mtaimbo kati ya springi na chesisi na kuinua taratibu; kama pini inacheza ndani ya tundu, jicho litaona. Bushi mpya ni kitu cha bei ndogo, lakini tundu la bapa kuu likiisha kuliwa, bapa zima halina budi kubadilishwa.

Kuna na kugonga kwa namna nyingine katika magari ya kabla ya mwaka 1900. Chesisi za mengi yao zilikuwa za mbao zilizotiwa vyuma ubavuni. Mbao hunywea na kukauka kadiri miaka inavyopita, na bolti zilizozishika springi hulegea bila mtu kujua. Fundi mjinga atabadilisha springi, pini na bushi, na sauti itabaki pale pale. Fundi mwenye akili hushika spana kwanza, akaijaribu kila nati.

REDHILL HATA CRAWLEY: GARI LIENDALO KAMA KAA

Baada ya Croydon nyumba hupungua, na njia hupita Purley na Redhill kuelekea Crawley. Hapa kuna sehemu zilizonyoka, na dereva huweza kuongeza mwendo kidogo. Hapa ndipo watazamaji walio nyuma ya gari huweza kuona jambo la kuchekesha lisilochekesha: motakaa iendayo upande kama kaa, magurudumu ya mbele yakifuata mstari huu na ya nyuma yakifuata mstari ule.

Ugonjwa huu mara nyingi hutoka katika bolti za U. Bolti hizi zikilegea, ekseli huanza kusogea kidogo kidogo juu ya springi, na kazi yote ya kuizuia huiangukia senta bolti. Nayo haikufanywa kwa kazi hiyo. Ilifanywa ili iyashike mabapa tu. Hukatika, na tangu saa hiyo ekseli yaweza kurudi nyuma upande mmoja. Tena, bolti za U zikiwa zimelegea, springi hupinda hata katikati palipo na tundu la senta bolti, mahali palipo dhaifu, na mabapa huvunjika hapo. Kwa hiyo mtu akikuta springi imevunjika katikati kabisa, asiulaumu mzigo wala barabara mbele ya kuzipima bolti za U. Na akiisha kufunga springi mpya, azikaze bolti hizo tena baada ya safari fupi ya kwanza, kwa sababu mabapa mapya hujipanga na kukaa vizuri, na nati zilizokuwa zimekazwa hulegea.

Katika magari yaliyoendeshwa kwa mnyororo, kama baiskeli, kuna fimbo za chuma zilizounganisha ekseli ya nyuma na chesisi. Fimbo hizo zaweza kurefushwa na kufupishwa ili mnyororo usilegee wala kukaza mno. Fundi akirekebisha fimbo ya upande mmoja akausahau wa pili, gari litakwenda kama kaa ingawa springi zake ni nzima. Hii ndiyo sababu ya kupima pande zote mbili.

Watengenezaji wa zamani hawakufuata njia moja. Oldsmobile ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1901, ilikuwa na springi ndefu zilizotoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma kila upande, na springi hizo zilikuwa kama sehemu ya chesisi yenyewe. Gari lilipanda na kushuka kwa upole juu ya njia mbaya za mashambani, lakini bapa likivunjika, mifupa ya gari nayo imevunjika. Katika magari mengi ya De Dion-Bouton ya Ufaransa, uzito wa nyuma ulibebwa na ekseli iliyopinda, na nguvu za injini zilipelekwa kwa fimbo nyingine zenye viungo. Viungo hivyo vikikosa grisi hulia na kugonga, na mgeni hudhani ni springi. Huko Birmingham, Frederick Lanchester alitumia springi ndefu na laini pamoja na fimbo za kuishika ekseli. Alifahamu kwamba mwili wa mwanadamu umezoea mtikisiko wa polepole kama ule wa kutembea kwa miguu, na kwamba mtikisiko wa haraka ndio uumizao.

CUCKFIELD: BAPA LIKIVUNJIKA NJIANI

Kwa miaka mingi msafara umepumzika kidogo Crawley. Watu hunywa chai na kahawa, na mafundi hulala chini ya magari juu ya magunia, wakigusa springi kwa mikono kuona kama kuna kilicholegea. Baada ya hapo njia hupita mashambani kuelekea Cuckfield na Burgess Hill. Kuna miti mikubwa, malisho ya ng'ombe, na vilima vya kupanda na kushuka. Hapa, mbali na karakana, ndipo bapa hupenda kuvunjika.

Dalili yake ni mshindo mmoja kama wa bunduki, kisha gari huinama pembe moja. Dereva mwenye busara hasukumi breki kwa nguvu. Hulegeza mwendo taratibu, akasimama kando. Kisha hutazama ni bapa gani lililovunjika. Kama ni moja la yale mafupi ya chini, springi yaweza kufungwa kwa waya mgumu na kipande cha chuma bapa, kama mganga afungavyo mguu uliovunjika, na gari likaenda polepole.

Kama ni bapa kuu, shauri ni jingine. Bapa hilo, katika magari mengi, ndilo linaloishika ekseli isirudi nyuma. Lililobaki ni kupunguza abiria na mizigo, kuliinua gari kwa jeki, kukata kipande cha mti mgumu na kukitia kati ya ekseli na chesisi, na kukifunga kwa kamba. Ekseli nayo hufungwa kwa mnyororo kuelekea mbele, ili isirudi nyuma. Kwa namna hii gari laweza kufika kwa fundi aliye karibu kwa mwendo wa mtu atembeaye. Lakini kama ni springi ya mbele na usukani umevutwa, ni afadhali kuacha kabisa na kutafuta gari la kulibeba.

Katika nchi hii ya vilima pana kumbukumbu ya huzuni. Tarehe 12 Julai 1906, katika mteremko wa Handcross, basi moja lililokuwa likienda Brighton lilishindwa kuzuilika, likagonga mti, na watu 10 wakafa. Chanzo hakikuwa springi. Ni mitambo ya kupeleka nguvu iliyovunjika. Walakini somo ni lile lile. Chuma kilicho chini ya sakafu, ambacho abiria hakioni, ndicho kilichobeba uhai wake.

VILIMA VYA SOUTH DOWNS: USUKANI UNAPOTETEMEKA

Kabla ya kufika baharini msafara hukutana na vilima vya chokaa viitwavyo South Downs. Kilima cha Clayton, ambacho juu yake kuna vinu viwili vya upepo vijulikanavyo kwa majina ya Jack na Jill, huzitesa injini ndogo. Abiria hushuka na kusukuma, na watazamaji huja kuwasaidia huku wakicheka. Tabu ya springi, hata hivyo, haiko katika kupanda. Iko katika kuteremka upande wa pili.

Gari likishuka kwa mwendo, usukani huweza kuanza kutetemeka mikononi, mara kidogo, mara kwa nguvu, hata magurudumu ya mbele yakayumba kulia na kushoto. Chanzo chaweza kuwa kingipini zilizolika, au pini za springi zilizolegea, au nati za usukani. Lakini kuna sababu moja isahauliwayo. Katika magari mengi kingipini huinamishwa nyuma kidogo, ili magurudumu yapende kwenda mbele sawasawa. Springi za mbele zikilala kwa uzee, au zikifungwa vibaya, ule mwinamo hupotea. Dawa yake ni kuzirudishia springi umbo lake, au kutia kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na ekseli.

Jambo la pili ni vibano vidogo vilivyofungwa juu ya mabapa. Watu wengi hudhani ni pambo. Kazi yake huonekana gurudumu linapoanguka shimoni na springi kurudi juu kwa ghafula. Wakati huo mabapa hutaka kuachana, na kama vibano havipo, bapa kuu hubeba mshtuko wote peke yake. Mabapa makuu mengi yamevunjika kwa kukosa kibano kimoja tu.

Magari mengi ya kabla ya mwaka 1905 hayakuwa na shokapu. Mfaransa Truffault alibuni shokapu za visahani visuguanavyo, na Mmarekani Edward Hartford akazieneza. Zilikazwa kwa nati moja. Zikikazwa mno, springi haziwezi kufanya kazi, na gari huwa kama mkokoteni usio na springi. Zikilegea, au zikiingia mafuta, hazizuii kitu. Njia ya kuzijaribu ni kuikandamiza pembe ya gari kwa uzito wa mwili na kuiachia ghafula. Ikipanda na kutulia, ni vyema. Ikiendelea kupanda na kushuka, hazina nguvu.

BRIGHTON: KWA MHUNZI

Hatimaye bahari huonekana, ya kijivu na baridi. Magari hufika katika barabara ya Madeira Drive, kando ya pwani, na watu hupiga makofi. Wenye magari hushuka wakiwa na matope usoni. Lakini kwa wale ambao springi zao zimeumia njiani, kazi bado.

Hapa kuna makosa mawili yanayofanywa daima. La kwanza ni kulichomelea bapa lililovunjika. Chuma cha springi hupata ugumu wake kwa kupashwa moto mpaka kiwe chekundu, kuzamishwa katika mafuta, kisha kupashwa tena kwa moto mdogo zaidi ili kisiwe kikavu kama kioo. Moto wa kuchomelea huuharibu utaratibu huo wote. Bapa lililochomelewa huonekana zima, lakini huvunjika tena karibu na pale pale, na safari hii huenda likavunjika mteremkoni. Kadhalika chuma cha kawaida hakifai kuwa springi. Kitapinda na kubaki kimepinda. Bapa jipya halina budi kuwa la chuma cha springi, lenye unene na upana ule ule.

Kosa la pili ni kuongeza mabapa kila springi inapolala. Springi yenye mabapa mengi mno haipindi. Gari litaonekana limesimama juu vizuri, lakini mshtuko uliokuwa ukimezwa na springi sasa utatafuta pa kwenda, nao utapasua chesisi, au kupinda ekseli, au kuvunja magurudumu. Springi iliyolala haikosi wingi. Imekosa umbo na nguvu, na mhunzi ajuaye kazi yake aweza kuirudishia vyote viwili. Tena ni vizuri kuzitengeneza springi za ekseli moja pamoja, ya kulia na ya kushoto, ili gari lisimame sawa.

Mambo haya si ya makumbusho peke yake. Mwezi wa Mei 1953, mashindano ya kwanza ya magari ya Afrika Mashariki yalipopita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, madereva walijifunza kwamba mashimo na mawimbi ya murramu huzijaribu springi kuliko barabara za Ulaya. Hata leo malori mengi yachukuayo mahindi, miwa na majani chai yamebebwa na mabapa ya chuma ya ukoo ule ule wa mwaka 1804, yenye senta bolti, bolti za U, shakeli na bushi. Mkulima alipaye nauli ya mzigo, na karani apandaye gari kwenda kazini, wote hutegemea kwamba mtu fulani ameinama asubuhi na kutazama chini.

Kazi ile haihitaji mashine ya thamani kubwa. Yahitaji mahali palipo sawa, kamba ya kupimia, kitambaa, taa, spana, grisi, na sikio lisilodharau sauti ndogo. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye motakaa za Brighton wameishika hekima hiyo kwa mikono yao, na ndiyo sababu magari yenye umri wa zaidi ya miaka 120 bado hufika baharini kabla ya saa kumi na nusu.